Kila Ukigeuka

Temeke, Dar es Salaam
13 Februari 1972

Dada yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naandika nikiwa uwani kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Mpe mama shikamoo yangu, ushike ule mkono wake uliolegea umwambie ni mimi ninayeushika. Je, anaweza kula mwenyewe sasa? Tangu ulipoondoka kwenda kumuuguza, kila nikisonga ugali namkumbuka.

Filo hajambo. Jino la mbele limeng'oka, tumelirusha juu ya bati kama tulivyokuwa tukifanya sisi, na sasa kila asubuhi anataka nimtazame kinywani kama jipya limeota. Analala na mimi. Mwenye nyumba, Mama Mwanaheri, anakusalimu sana. Anasema hana tena mtu wa kumsikiliza akiwasengenya wapangaji wengine, maana mimi nasinzia.

Shemeji naye hajambo. Ofisini bado wanamtuma mikoani kupiga sinema za visima, pamba na wakubwa wakikata utepe. Lakini sasa ana kamera yake mwenyewe, aliyoachiwa na yule mpiga picha Mgoa aliyehama. Ni ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, na haina sauti, inachukua sura tu. Anataka kutengeneza picha yake, si ya ofisi. Nilipomuuliza inahusu nini alisema inahusu mume na mke ndani ya chumba kimoja. Salumu, yule rafiki yake dereva wa gari la sinema, alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema nani atatoka kwake kwenda kutazama mambo hayo wakati anayo nyumbani bure. Shemeji akaendelea kuipangusa kamera yake. Unamjua.

Basi siku za Jumapili huwa namsaidia kidogo. Cherehani yako bado nzima, nimemshonea Mama Mwanaheri magauni mawili na hajalalamika.

Mdogo wako,
Yustina


Kijiji cha Ujamaa Namalembo, Masasi
8 Machi 1972

Mdogo wangu Yustina,

Milele na milele, amina. Marahaba. Barua yako imefika imelowa, lakini nimeisoma yote. Mama anakula mwenyewe kwa mkono wa kulia, ila uji anaukataa, anasema hajarudi kuwa mtoto. Asubuhi kijiji kizima kinakwenda kwenye shamba la pamoja la mikorosho, mie nimeruhusiwa kubaki na mgonjwa. Nakaa naye barazani, ananisimulia watu waliokufa zamani kana kwamba wamepita sasa hivi.

Hongereni kwa jino.

Sasa hilo la kusaidia kidogo. Kusaidia kidogo ni nini? Ni kumshikia taa? Ni kumchemshia maji? Nauliza kwa sababu shemeji yako aliniandikia mistari mitatu mwezi uliopita: wazima wote, msalimie mama, mvua bado. Neno kamera sikuliona hapo. Miaka saba nimekaa na mwanamume huyo, nikimuuliza leo umepiga picha ya nini ananijibu kisima. Wewe umemuuliza mara moja amekwambia mume na mke ndani ya chumba kimoja.

Mume ni nani katika picha hiyo? Na mke ni nani? Nauliza tu. Usiniandikie habari nyingine kabla hujanijibu hili, hata kama Filo ameota meno ya tembo.

Na lile sanduku langu la bati chini ya kitanda. Ufunguo ninao hapa, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Naamini liko kama nilivyoliacha.

Dada yako,
Mama Filo


Temeke
2 Aprili 1972

Dada,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tulikwenda kanisani wote watatu, Filo akavaa lile gauni jeupe ulilomkunjia pindo, sasa pindo limeisha lote. Anakua haraka. Mpe mama pole, mwambie uji ukitiwa karanga anaukubali, tulimpa hivyo mwaka ule wa surua.

Umeuliza mume ni nani. Ni Fransis, yule karani anayepanga chumba cha tatu. Lakini haonekani uso. Shemeji anataka mgongo wake tu, na mkono wake ukishika kikombe, basi. Fransis amekasirika kidogo maana alikwisha nyoa ndevu na kuwaambia wenzake kazini.

Mke kwa sasa ni mie. Alitafutwa mwingine, dada, usidhani hakutafutwa. Kulikuwa na msichana wa Mbagala, akaja na kaka yake, kaka akasikia habari ya chumba na kitanda wakaondoka hata chai hawakunywa. Ndipo shemeji akanitazama, akasema nikae dirishani nichambue mchele nisiangalie kamera. Ndiyo yote ninayofanya. Nachambua mchele, nakunja nguo, nakaa. Jumapili iliyopita alitupeleka msitu wa Pugu apige picha ya mke akitembea peke yake. Salumu alituendesha, na Filo alikuwepo, alikula embe.

Sanduku lipo.

Yustina


Namalembo
23 Aprili 1972

Yustina,

Mama yuko vilevile. Mvua zimetuziba, sijui barua hii itapita wapi.

Sanduku lipo. Sikuuliza kama lina miguu.

Na Pugu. Mie nimeishi Dar es Salaam tangu ndoa, na mti wa Pugu naujua kwa kuni zinazouzwa gengeni. Nilipomwomba shemeji yako anitembeze siku moja ya sikukuu, alisema Pugu hakuna kitu, ni miti. Kumbe miti ilikuwa inakungoja wewe.

Sina wivu. Nimechoka tu, na mama hakulala jana. Lakini nakwambia kitu kimoja kama mkubwa wako: chumba kile nimekipaka chokaa kwa mkono wangu, nikiwa na mimba. Yanayopita mle ndani si ya kutundikwa kwenye shuka watu wakatazama wakila karanga. Na kama ni lazima yatundikwe, basi mwenyewe nipo, sijafa.

Mama Filo


Temeke
18 Juni 1972

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili nimeipata juzi. Wanasema magari yalikwama Rufiji mwezi mzima, na mfuko wa barua ulirudi Masasi ukaanza safari upya. Kwa hiyo kama umeniandikia nyingine baada ya ile, sijaipata, na usiniwekee kinyongo kwa kutoijibu.

Filo anakohoa kidogo, nimempaka mafuta ya nazi kifuani. Mama Mwanaheri ameongeza kuku wanne, wanalala mlangoni kwetu.

Picha ilipelekwa Nairobi kuoshwa, imerudi. Tuliitazama chumbani kwa mashine ya Salumu, kwenye shuka lako jeupe, sisi na wapangaji. Mama Mwanaheri alilia. Nilipomuuliza analia nini alisema hajui, mwanamke yule anachambua mchele kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kuzungumza. Shemeji aliipeleka ofisini pia. Mkubwa wake aliitazama yote akauliza funzo la taifa liko wapi, na trekta liko wapi. Shemeji akasema hakuna trekta. Alirudi nyumbani akala akalala, wala hakuonekana mtu aliyeshindwa.

Salumu anakuja mkoa wenu mwezi ujao na gari la sinema. Shemeji amempa mzigo wako. Nakuomba usinikasirikie kabla hujauona wote.

Yustina


Namalembo
16 Julai 1972

Yustina,

Mzigo nimeupata. Nilidhani ni sukari.

Mama hajambo, nitakueleza habari yake humu humu maana naye yumo. Gari la sinema lilifika jana alasiri, kijiji kizima kikatoka, hata wazee ambao hawaji mkutanoni. Salumu akatundika kitambaa kwenye milingoti miwili ya uwanja wa shule. Mama tulimbeba na kiti chake, nikakaa mkekani karibu naye nimemshika mkono. Tukaonyeshwa kwanza jinsi ya kuchimba choo. Halafu Salumu akasema kwenye kipaza sauti kwamba ndugu wananchi, sasa mtaona picha ya mkwe wenu Gregori aliyeoa hapa kwenu, na akanitafuta kwa macho akanipungia mkono. Watu wakapiga makofi. Nami nikatabasamu kama mjinga.

Kwa kuwa picha haina sauti, Salumu ndiye anayeeleza. Akasema huyu mama anachambua mchele. Tukatazama. Akasema bado anachambua mchele. Watu wakacheka, halafu baadaye wakaacha kucheka, wakanyamaza uwanja mzima. Sijapata kuona watu wamenyamazia mchele namna ile.

Mie sikuwa natazama mchele. Nilikuwa natazama dirisha langu, kigoda changu na ukuta wangu. Na kitenge. Picha haina rangi lakini kitenge kile nakijua hata nikiwa kipofu, ndicho nilichovaa siku niliyoshuka Dar es Salaam kuanza maisha, na kilikuwa ndani ya sanduku, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga niliyoikalia. Basi sasa najua sanduku lipo namna gani.

Mama aliinua ule mkono mzima akakuonyesha kidole. Akasema, "Adelina mwanangu, mbona umekonda hivyo huko Dar? Nani anakutesa?" Alisema hivyo mkono wake mwingine ukiwa ndani ya mikono yangu. Na watu walipoondoka wakawa wanapita wananipa hongera, Mama Filo tumekuona, Mama Filo umependeza. Nikaitika. Ningefanya nini? Nimepewa hongera za uso wako.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kuna jambo moja lililonikwama hapa kooni na sijalala. Unachambua mchele, halafu unageuka. Unakunja shati, halafu unageuka. Umekaa kitandani umeinamisha kichwa, halafu unageuka taratibu. Kila ukigeuka kuna mtu amekuita, Yustina. Si Fransis, maana mgongo wake uko mlangoni. Aliyekuita yuko nyuma ya kamera. Picha haina sauti, lakini usinifanye kiziwi. Mie nimekubeba mgongoni. Naujua uso wako ukiitwa kula, ukiitwa kuchapwa, ukiitwa kwenda kanisani. Uso ule wa jana siujui.

Mimi ananiita Mama Filo. Tangu mtoto azaliwe sijasikia kingine mdomoni mwake. Sikulalamika, ndiyo heshima yenyewe, hata baba alimwita mama Mama Adelina mpaka siku anakufa. Sasa nakuuliza swali dogo na nataka jibu dogo.

Mume wangu anakuitaje?

Mama Filo


Namalembo
20 Agosti 1972

Yustina,

Mama hajambo. Salumu amekwisha rudi huko, najua barua yangu aliibeba yeye mwenyewe na kukukabidhi mkononi.

Umenyamaza. Fundi wa picha isiyo na sauti amekufundisha kazi yake vizuri. Ila nakwambia, mtu asiyeulizwa akinyamaza ni adabu, aliyeulizwa akinyamaza amekwisha jibu. Natafuta mtu wa kukaa na mama. Nikimpata nakuja kulichukua jibu langu mwenyewe, na kama kuna cha kufunga ukifunge kabla sijafika.

Mama Filo


Temeke
9 Septemba 1972

Dada Adelina,

Shikamoo. Filo amepona kikohozi na jino limeota, limepinda kidogo kama la baba.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Uliuliza swali dogo. Ananiita Adelina.

Nisikilize mpaka mwisho halafu unifanye utakavyo. Kwa kuwa kamera haichukui sauti, shemeji huzungumza wakati wote anapopiga. Anatia ufunguo, inaanza kunguruma, naye anaanza kusema nyuma yake. Mke katika picha alimpa jina lako, hakuniuliza wala hakumwambia mtu. Akawa anasema, "Adelina, acha kidogo mchele. Adelina, sikiliza. Adelina, geuka." Mtu huyu ambaye mezani anaomba chumvi kwa kidole, dada, akiwa nyuma ya ile kamera anasema kama maji ya bomba lililopasuka. Anamwambia Adelina samahani kwa habari ya Pugu. Anamwambia Adelina nyumba imekuwa kubwa. Alimweleza siku ile uliyoshuka kwenye basi na kitenge, jinsi alivyojificha nyuma ya kibanda cha kahawa akutazame kwanza kabla hujamwona. Kitenge alikitoa yeye mwenyewe. Bawaba za sanduku zimelegea nyuma, alizifungua kwa bisibisi akazirudisha. Nilimwambia utakasirika. Akasema ndiyo, atakasirika.

Hayo yote hayamo kwenye filamu. Yalibaki chumbani, na aliyekuwa chumbani ni mie.

Ungekuwa umeuliza kama amenigusa, ningekujibu siku ileile kwamba hapana, hata kidole. Lakini hukuuliza hilo, uliuliza linalouma. Mwanzo nilikuwa nasahau kugeuka, maana si jina langu, akawa ananiita mara ya pili. Baadaye nikawa nageuka mara moja. Halafu siku moja niko bombani nangoja zamu, mama mmoja akamwita Adelina wake, binti yake wa shule, nami nikageuka. Niliona aibu, nikasingizia shingo inauma. Na Jumapili ya mwisho filamu ilipokwisha, shemeji aliishusha kamera akasema, "Yustina, chai iko wapi?" Dada, nilijiona kama nimefukuzwa nyumba. Nilikwenda kumletea chai nikalia jikoni juu ya moshi ili isijulikane.

Wewe unaniandikia huna wivu na mie, lakini unao. Ujue mie nimekuonea wivu mvua nzima, wewe uliyekuwa unalala chini kwa mama na kula mihogo. Mtu aliniangalia usoni kila Jumapili wala hakuniona hata siku moja. Alikuwa anakuona wewe.

Sasa anasema picha haijaisha. Anataka mke aliyeondoka arudi, apige hodi, mlango ufunguliwe, basi. Filamu nyingine ikipatikana anataka nipige hodi mie. Nimekataa. Mlango ule siupigii hodi kwa jina la mtu. Nimemwambia nakwenda kwa mama, nawe urudi. Aliitikia kwa kichwa tu.

Nijibu nianze safari au nisianze.

Yustina


Namalembo
30 Septemba 1972

Yustina,

Njoo kabla ya mvua. Mletee mama karanga. Filo umwache kwa Mama Mwanaheri mpaka nifike.

Barua yako nimeisoma. Siijibu kwa karatasi.

Dada yako


Namalembo
12 Novemba 1972

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na Filo alikutambua, usishangae akikuonea haya siku mbili za kwanza.

Tulilala kitanda kimoja wewe na mie siku zote zile kabla hujaondoka, tukazungumza habari za mafuta ya taa, za mikorosho, za nani ameolewa. Uliniahidi jibu lisilo la karatasi, lakini hukulitoa, na mie sikulidai. Asubuhi ile ulipopanda gari ulinivua kitambaa cha kichwa ukanifunga upya, ukasema nafunga vibaya. Nimekaa nacho hivyohivyo kutwa. Sijui kama lile ndilo lilikuwa jibu.

Mama amezidi kuchanganya watu. Ananiita Adelina tangu uondoke. Adelina, nipe maji. Adelina, njoo unigeuze. Maji nampa na kumgeuza namgeuza, ila kwanza naketi kimya namngoja. Wakati mwingine inachukua muda mrefu, mpaka majirani wanauliza kama simsikii mama yangu. Namsikia. Nangoja aseme Yustina.

Mimi sikuulizi maswali mengi kama wewe. Nina moja tu. Je, amekuita?

Yustina


Temeke
10 Desemba 1972

Mdogo wangu Yustina,

Milele na milele, amina, na marahaba zako zote nilizokunyima tangu Aprili nakulipa leo. Filo alinionea haya siku moja tu, siku ya pili akaniuliza kwa nini sifungi kanga kama wewe. Nikamfinya kidogo. Kuku wa Mama Mwanaheri wamekuwa kumi na wawili na wote wanadhani mlango wetu ni wao. Mwambie mama nimeona barua yake uliyomwandikia, na karanga nitamtumia zaidi na Salumu.

Umeuliza. Nitakujibu, ila kwa mpangilio wangu.

Nilifika jioni, nimejaa vumbi. Nilisimama mbele ya mlango wangu nikasema hodi. Yustina, niliipiga hodi ile kwa sauti nzuri kabisa, maana nilijua mtu anaitaka kwa picha yake. Mlango ukafunguliwa. Akanitazama, akatazama chini, akasema, "Karibu, Mama Filo. Pole na safari." Akabeba mzigo akauweka ndani. Ndiyo yote.

Wiki ikapita. Mama Filo chai. Mama Filo shati. Nilikuwa natembea mle chumbani nikiangalia kuta na kusema moyoni, kuta hizi zimesikia jina langu kuliko masikio yangu. Nilikuonea wivu mpaka kigoda ulichokalia. Nilikitoa nje nikakisugua kwa mchanga, Mama Mwanaheri akauliza kina nini, nikasema kina kunguni. Siku nyingine nilitaka kumwambia najua yote, Yustina ameniambia. Lakini nikaona nikisema hivyo atafunga mdomo mpaka tuzeeke. Na bado nilikuwa na hasira, sikufichi. Mwanamume ana maneno yote yale, anampa mtu mwingine, mie ananipa kikombe.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilifungua sanduku kwa ufunguo wangu. Nikavaa kile kitenge. Kimenibana kiunoni, wewe kilikukaa vizuri zaidi, hilo nalo nimelimeza. Nikachukua sinia la mchele, nikakaa dirishani kwenye kile kigoda kisafi, nikaanza kuchambua. Alipoingia alisimama. Nikamwambia bila kumtazama achukue kamera.

Akasema haina filamu, filamu itakuja mwezi wa kwanza.

Nikamwambia sikumuuliza filamu.

Nilimsikia akiitoa kwenye mkoba. Nilimsikia akitia ufunguo, taratibu, mpaka ukakaza. Ikaanza kunguruma, tupu vilevile, haina kitu ndani. Ikanguruma mpaka nikadhani ufunguo utaisha. Nikawa natupa mchele mzuri na kubakiza mawe. Halafu akasema.

"Adelina."

Sauti ile niliisikia mara ya mwisho nyuma ya kanisa la kwetu, kabla hujajua hata kusoma. Akasema tena, "Adelina, geuka." Wewe uliniambia mwanzo ulikuwa unasahau kugeuka. Mie sikusahau. Nilikaa tu makusudi, nikamwacha aite, na aite tena, na akanieleza habari ya kibanda cha kahawa, na ya Pugu, na kwamba alipompa Salumu ile picha alidhani ameniandikia barua. Mwanamume mzima anadhani hiyo ni barua. Nilipogeuka nilikuwa nalia na kucheka, na yeye uso wake wote uko nyuma ya kamera, haonekani ila sikio moja.

Kwa hiyo ndiyo, ameniita. Mezani bado ni Mama Filo, usidhani amebadilika. Lakini Jumapili natia ufunguo mwenyewe.

Wivu haujaisha, mdogo wangu. Umeongezeka, maana sasa najua ulikuwa unasikia nini, na ulisikia kabla yangu. Filamu ikija nitapiga hodi mie, lakini mchele wote utakuwa wako, na mahali popote itakapotundikwa watu watakutazama wewe na kusema ndiye mke wa Gregori. Haya. Uso kaa nao, ni mzuri kuliko wangu, na mama akikuita vibaya endelea kumngoja, usigeuke mpaka aseme lako.

Langu nimelichukua.

Dada yako,
Adelina